Ukipewa Wewe, Wamepewa Wao

Mie naogopa bahasha. Wenzangu wanaogopa nyoka, mie bahasha, na sababu ninayo.

Nilikuwa karani wa kampuni ya kigeni huku Boko, wauzaji wa kokoto na mchanga. Sheria inataka kampuni ya nje iandikishe mtu anayeishi hapa hapa nchini, wa kupokea barua na notisi kwa niaba yake. Bosi akaniambia ni jina tu hilo, saini hapa. Nikasaini huku nakunywa chai. Baadaye wakafunga kazi, wakapanda ndege, na simu zao zikawa hazipatikani. Walichoacha ni yadi tupu yenye ukuta mrefu ulioegemewa na kifusi, umetoa tumbo kama mja mzito. Chini ya ukuta huo ndipo ilipo nyumba ya jirani yangu, bibi mmoja mjane, muuza vitumbua.

Kila mvua ikinyesha ufa unaongezeka. Bibi akaogopa, akafunga mlango wake, akaenda kukaa kwa bintiye Kiwalani. Majirani waliobaki wakaenda kwa wakili.

Nikasikia notisi inaletwa kwangu. Nikiigusa ile karatasi na ukuta ukaanguka, nani ataulizwa? Wenyewe wako kwao, mie niko hapa na wanangu. Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo. Basi nikawa nafunga mlango wa mbele, napitia uani, na hodi ikipigwa siitikii.

Siku hiyo nilikuwa uani nakanda unga. Tarishi wa wakili naye akapitia uani, na nyuma yake mjumbe wetu wa shina.

"Hii si ya mahakama, dada," tarishi alisema. "Ni notisi tu. Wauimarishe ukuta au waubomoe."

"Kampuni ilishaondoka."

"Ila jina lako liko kwa msajili wa makampuni. Ukipewa wewe, wamepewa wao."

"Na nikikataa?"

"Bahasha naiacha hapo kwenye kigoda, mjumbe anaona. Itakuwa imefika."

Akaiacha. Mjumbe hakunitazama usoni. Aliniambia nisiwaone wabaya, kisha wakaenda zao.

Nikabaki nimesimama, mikono ina unga. Yaani kisheria kampuni nzima, na mameneja wake huko ng'ambo, ilikuwa imeshajua, na anayejua kwa kweli ni mie peke yangu. Nikapiga simu, haipatikani. Nikatuma baruapepe, ikarudi. Niliogopa, wala sioni haya kusema.

Alasiri wingu likatanda. Nikatoka kwenda kuutazama ule ukuta, nadhani nilitaka tu kuhakikisha bado umesimama. Nikakuta mlango wa bibi uko wazi, mwenyewe anafagia.

"Shikamoo bibi. Umerudi lini?"

"Marahaba mwanangu. Ndiyo naingia. Mjumbe kanipigia, kasema barua imefika. Si umeipokea wewe?"

"Nimeipokea."

"Alhamdulillahi. Hofu imenitoka. Wenyewe wakishajua watafanya. Na mie kukaa kwa watu nimechoka."

Nikamwambia hakuna aliyejua, bibi, simu hazipatikani, twende ukalale kwangu. Akanicheka. Alisema mie muoga toka zamani, na kwamba jambo likishaingia kwenye sheria halichezewi. Akaendelea kutandika kitanda chake, mto akauweka upande wa ukuta kama alivyozoea.

Matone yakaanza kupiga bati. Nikamshika mkono nimvute nje, nguvu zangu zote. Yeye akaushika wangu kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kuipokea ile barua.