Marashi ya Baba kwa Baba Mdogo

Sikuwahi kumpenda sana baba mdogo, na tangu aichukue ile chupa sijajaribu tena.

Yalikuwa marashi ya baba. Nilimnunulia mimi, katika duka dogo la Chang'ombe, nilipoanza kazi ya ofisi hapa Dodoma. Muuzaji alinipulizia mkononi nikapiga chafya. Mwanzo ilikuja pilipili manga, kali kweli, kisha karafuu na mdalasini, na viungo vilipotulia ikabaki mbao, kama mninga uliopasuliwa muda huo huo kwenye karakana za Kizota. Yalikuwa marashi ya mtu asiyecheka ovyo. Nikasema haya ni ya baba, na tangu hapo hakujipaka mengine. Kila Ijumaa alijipulizia kifuani, kidogo tu, na mama alijua yuko uani kabla hajakohoa.

Alipofariki, kina shangazi walifua nguo zake zote kwa sabuni ya unga, hata koti. Walifanya kwa nia njema, na nia njema yao nayo iliniudhi. Ikabaki chupa, haijatumika hata nusu. Siku ya kugawana vitu vya marehemu, pale nyumbani kijijini Busi, baba mdogo aliitia mfukoni mbele ya watu.

"Haya ni ya kiume," alisema. "Na mama yenu yuko eda, marashi hayagusi. Mnataka yaharibike?"

Hakuna aliyembishia, kwa sababu la eda lilikuwa kweli. Mjane haruhusiwi kujipaka manukato mpaka eda iishe. Lakini nani alisema mama alitaka kujipaka? Alitaka iwepo tu ndani. Nilitaka kusema, nikakanyagwa mguu na shangazi, akaninong'oneza kuwa hasira hasara. Usiku mama aliniuliza kama hata kizibo hakikubaki.

Niliporudi kumwona, Jumamosi moja, tulikuwa ndani tunachambua choroko. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mlimani, pazia la mlangoni halitulii. Mara harufu ikaingia. Pilipili manga, karafuu, kisha mbao.

Mama aliinua kichwa. Akajiweka sawa kanga, akaipangusa miguu yake vumbi, akaanza kuinuka huku akitafuta kandambili kwa kidole cha mguu, macho yako mlangoni. Nilishindwa kumzuia.

"Hodi, shemeji. Mnaendeleaje humo?"

Mama akakaa tena. Siku ya mazishi nilimwona akilia, lakini uso ule sikuwa nimeuona.

Nilitoka nje. Baba mdogo alikuwa amesimama barazani na kanzu yake safi, amejipulizia mpaka shingoni.

"Shikamoo," nilisema, kwa mazoea tu.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba mdogo, ukija hapa usijipake hayo."

"Kwa nini? Nikiyapaka namkumbuka kaka."

Pengine alikuwa akisema kweli, na hilo lilinizidishia hasira. Alimjua kaka yake tangu utotoni, ana kaburi la kumtembelea na nguo zote alizojichagulia, lakini alichokihitaji kumkumbukia ni kile kimoja mama alichokitaka. Neno "mwizi" lilikuwa limeshafika mdomoni. Nilikuwa tayari kumtukana mtu mzima mchana kweupe, na majirani wasikie.

"Mwanangu," mama aliita kutoka ndani. "Mwambie shemeji asiondoke upesi."

"Mama?"

"Mpe kigoda akae." Akashusha sauti. "Ila mwambie asizungumze."

Baba mdogo alisikia la kigoda tu. Alitabasamu, akadhani amesamehewa, akaanza kukunja kanzu ili akae pale pale alipokuwa. Nikamwambia asubiri. Nilibeba kigoda nikazunguka nacho, nikakiweka karibu na mlango, upande ule upepo unakotokea. Nikamwambia akae hapo, anyamaze.