Tetemeko Lililotaka Kufukia Kisima Chetu

Wenzangu mliokulia chini ya Mlima Elgon, upande wa Kimilili, mnakumbuka tulivyocheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka giza, miguu myekundu kwa vumbi, huku harufu ya mahindi ya kuchoma ikituita nyumbani. Na kubeba maji je? Mto ulikuwa mbali, kilima cha kurudi kilikuwa kirefu, na mtungi ukivuja tulilowa mpaka soksi. Soksi zenyewe zipi? Tulienda peku!

Ndiyo maana akina mama wa kijiji, mama yangu akiwa mbele, waliamua kuchimba kisima karibu na jikoni kwetu. Walichimba kwa zamu huku wakiimba. Asubuhi moja, tukijiandaa kwenda shule, ardhi ikatetemeka. Sufuria zikaanguka, kuku wakapiga makelele. Punde si punde liguru, yaani mzee wa kijiji, akafika mbio bila kofia.

"Mmechokoza mlima, bana! Jioni nikirudi nisipate hii shimo."

Nilienda shule moyo ukiwa mzito. Kisima kikifukiwa, tungerudi mtoni maisha yetu yote. Darasani tulimzingira mwalimu wa sayansi kwa maswali. Akatueleza kwamba chini kabisa ardhini miamba mikubwa husukumana polepole, hukwama, na nguvu hujikusanya miaka na miaka. Siku miamba hiyo ikichomoka ghafla, ardhi hutikisika. Nilikimbia nyumbani kumwambia mama. Alinisikiliza, akacheka, akabandika chai.

Sasa, mlango wetu wa jikoni ulivimba kila msimu wa mvua, na msimu wenyewe ulikuwa huo. Liguru alipofika, mama alimwita akiwa ndani.

"Karibu chai, Mzee! Sukuma tu mlango."

Akasukuma, wapi! Akasukuma tena, ukagoma. Alipotia bega, ukafunguka ghafla, ukuta ukatikisika na vikombe vikaruka kutoka kwenye rafu.

"Sasa Mzee, nani amechokoza hiyo mlango?"

"Si nimesukuma tu, na imekwama!"

"Basi hata huko chini ni hivyo. Mawe inasukumana, inakwama, ikiachilia tunatingika. Hii shimo yetu ni ndogo, haiwezi fika huko."

Liguru aliangalia vikombe sakafuni, akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya, chimbeni!"

Maji yalipotoka, vigelegele vilisikika ng'ambo ya bonde. Kikombe cha kwanza mama alimpa liguru, naye akakinywa chote mbele ya watu. Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia mama siku hiyo.

Siku hizi ninaishi Kitale. Juzi ardhi ilitingika kidogo, na wanangu wakarukia simu. "Ati mmeskia hiyo?" Sababu ya tetemeko waliipata kabla sijavaa viatu, na kabla ya chakula walikuwa wameshaisahau. Siwalaumu, maji yao yanatoka kwenye bomba. Sisi tulipata jambo moja tu la kujua siku ile, na kabla jua halijazama, mama alikuwa ameshalitumia kuokoa kisima.