Viganja Vyangu kwenye Koti la Bwana Shauri

Koti lile ninalijutia mpaka leo, lakini mafuta siyajutii hata kidogo.

Enzi za Mjerumani nilikuwa karani wa boma hapa Dodoma. Upepo wa kiangazi na makaratasi ya kodi viliikausha mikono yangu hadi ikapasuka. Damu ikachafua karatasi, na Bwana Shauri, Mjerumani mkuu wa boma, akaapa kwamba akiona doa jingine la damu nitachapwa kiboko mbele ya watu.

Mke wangu, Mgogo wa Ihumwa, alinichanganyia samli na udongo mwekundu, kama ndugu zake wanavyojipaka mwilini.

"Mimi msomi, nijipake hayo?" nikang'aka.

"Basi endelea kuvuja, msomi."

Nilijipaka. Asubuhi mikono ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Nikaifuta kwa kitambaa, nikaridhika. Sikujua kwamba udongo ule ukishaingia kwenye nyufa, jasho huutoa tena.

Siku hiyo palikuwa na baraza la wazee, na jua lilikuwa kali. Nilimvika Bwana Shauri koti lake jeupe, nikalinyoosha mgongoni kwa viganja vyote viwili, kwa heshima zote. Akageuka kuwakagua askari, akawapa wazee mgongo wenye alama za viganja viwili vyekundu.

"Lo! Bwana kaoa Ugogo!" mzee mmoja akasema, na baraza zima likaangua kicheko.

Bwana Shauri akalivua koti, akalitazama. "Nani?"

Askari walikuwa wengi, ningeweza kunyamaza. Nikainua mikono yangu myekundu juu.

"Mimi, Bwana. Lakini hii si damu."