Neno la Siri Ukutani

Msinicheke kabla sijamaliza, maana hapa Masisi wameshanicheka vya kutosha, hata mama anayeuza jibini kando ya barabara bado ananiuliza kama machine yangu, kompyuta ya kazi, imefunguka. Naona aibu kusimulia, lakini afadhali msikie kutoka kwangu kuliko kutoka kwa watoto wa korali, ambao wanaongeza chumvi.

Niko na sekretaria ndogo karibu na paroisse, yaani parokia: nachapa, natoa fotokopi, naweka nyimbo kwenye flash za watu. Sasa flash za huku kwetu, jamani, zile ni ugonjwa. Flash inatoka Goma, inalala kwa mwenye duka kule Bihambwe, inapita kwa mwalimu, halafu inafika kwangu na virus za njia nzima, na mimi naichomeka tu. Asubuhi moja nafungua machine nakuta mafaili yote yamegeuka alama tupu zisizofungua kitu, pamoja na mialiko ya harusi ambayo bwana harusi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni akiisubiri. Windows yangu ilikuwa ile ya kukopi, antivirus yake ilikuwa imekufa zamani, na connexion ya intaneti ya kuifufua sikuwa nayo.

Ndipo akapita rafiki yangu Justin, anayetengeneza machine za wafanyabiashara kule Mubi. Akaniambia wateja wake wengi wamehamia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha machine badala ya Windows, kwa sababu hiyo hiyo, kwamba virus zinazotembea kwenye flash zetu zimetengenezwa kwa ajili ya Windows, zikiingia kwenye Linux zinakaa kama mgeni asiyejua lugha ya nyumbani. Maneno yale niliyapenda kuliko nilivyoyaelewa. Justin akaniwekea Linux, akaiacha ijifungue yenyewe bila kuuliza kitu, akapanda moto yake, pikipiki, akaenda zake.

Basi nikawa mtu wa kujisifu. Kila aliyeleta flash nilimhubiria usalama kwanza, fotokopi baadaye. Hata Papa Safari, mfugaji wa kule mlimani, alipokuja kuniomba nimtengenezee filamu ya picha kwa ajili ya yubile ya ndoa yake, nilimwambia kwenye machine yangu virus haiingii na mwizi haingii. Alitikisa kichwa kwa heshima, na heshima ile niliihitaji sana, kwa sababu Papa Safari ni baba yake Zawadi, yule anayeimba sauti ya kwanza kwenye korali, na mimi nilikuwa nimepanga kwamba yubile ikienda vizuri, ndipo nitawatuma baba zangu wadogo wakamwone kuhusu mahari. Zawadi mwenyewe nilikuwa sijamwambia neno. (Alikuwa akileta nyimbo za kutolea fotokopi, mimi nasema zimetoka nyeusi, narudia, ili akae kidogo. Ndiyo mapenzi yangu yote hayo.)

Asubuhi ya sherehe nikafanya uamuzi mmoja mdogo. Nikajiuliza, mtu wa usalama kama mimi naendaje mbele za watu na machine isiyo na mot de passe, yaani neno la siri kama wanavyosema kwenye redio? Nikaweka. Na kwa kuwa linatakiwa liwe refu, tena liwe kitu ambacho hakuna mtu angekidhania, nikaandika bila kuacha nafasi: zawadinibibiyangu. (Kwetu bibi ni mke, si nyanya, tuelewane.) Nikazima machine nikiwa na furaha, nikaenda.

Sale ya paroisse, ule ukumbi mkubwa, ilikuwa imejaa, shuka jeupe limetandazwa ukutani, jenereta inaunguruma nje. Mtu mwenye akili angefungua machine kwanza ndipo aunganishe projekta, lakini mimi nilitaka watu waone inavyofunguka. Ikauliza neno la siri. Nikaandika, vikatokea vidoti, ikakataa. Nikaandika tena polepole, ikakataa. Nikaandika kwa hasira, ikakataa vile vile, na korali ikaanza kukohoa. Papa Safari, aliyekaa mbele na mke wake kwenye viti vya maua, akainama kidogo.

"Mutoto, njo ile usalama ulikuwa unaniambia? Virus haiingiake, mwizi haiingiake, na weye mwenye machine hauingiake?"

Sale yote ikacheka. Mimi jasho. Ndipo nikakumbuka kwamba pale juu, panapoandikwa jina la mtu, herufi zinaonekana, basi nikasema ngoja nijaribie pale nione vidole vyangu vinafanya nini. Nikaandika herufi chache, nikaona: wqzqdi. Nyuma yangu mtu akasoma kwa sauti, "Wakuzakudi", na katekista akawaeleza jirani zake kwamba hiyo labda ni lugha ya Linux.

Nikaelewa. Klavye yetu, vile vibonye vya herufi, ni ya Kifaransa, lakini mlango ule, tofauti na ndani nilikoliweka neno langu, ulikuwa unafunguka kwa mpangilio wa Kiingereza, ambapo A na Q zimebadilishana viti, Z na W vile vile. Katika majina yote ya wasichana wa Masisi, mimi nilimpenda Zawadi! Furaha ya kugundua ikanipanda kichwani, nikasahau ukuta kabisa. Badala ya kurudi kwenye vidoti, nikataka kwanza kuhakikisha, nikaandika lote pale pale juu, herufi moja moja, nikiitafuta kila moja pale Kiingereza kilipoificha.

Watoto wa korali wakaanza kusoma pamoja kama darasani. Za-wa-di. Nikafikiri wanamwita. Ni. Bi-bi. Ya-ngu.

Nikageuka, nikaona ukutani herufi kubwa kama ndama. Zawadi alikuwa amejifunika uso na kitabu cha nyimbo, na mama yake alikuwa anamtazama mume wake. Nilitamani kuingia ndani ya projekta. Papa Safari akasimama, akaegemea fimbo yake, akalisoma shuka lote mpaka mwisho.

"Bibi yako? Mie sijaonaka ngombe hata moja."

Akina mama wakapiga vigelegele. Nikajitahidi kusema kwamba Papa, ile ilikuwa mot de passe tu.

"Njo vile? Basi ingia nayo, tuone filamu."

Nikaingia nayo. Filamu ilienda vizuri kabisa, ila ilipotokea picha ya harusi yao, na ng'ombe wamepangwa nyuma, Papa Safari aliitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena.

Baadaye Zawadi aliniletea kikombe cha maziwa bila kuniangalia usoni. "Sasa Masisi yote inajua mot de passe yako," akasema. "Ubadirishe." Nikamuuliza niweke gani. "Weka papasafarianangojangombe. Ile hautaisahau." Akaenda, na nikaona mabega yake yanacheka.

Linux bado ninayo, na virus ya flash haijanisumbua tena, ingawa watoto wananiita Wakuzakudi mpaka sokoni. Baba zangu wadogo wameanza kuzunguka kutafuta ng'ombe. Lakini nimeapa: projekta haitawaka tena kabla machine haijafunguka, na neno langu la siri jipya, lile alilonipa Zawadi, halitajulikana na mtu yeyote.

(Ah. Si nimeshawaambia.)