Jina Nililolipa Ua Kavu

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, na aibu yangu ni kwamba sijui mimea. Nilikulia dukani kwa baba, najua bei ya sukari kuliko jina la jani lolote. Hapa London hakuna aliyeniuliza habari za majani, mpaka kampuni yangu ya kutunza wazee iliponipeleka kumhudumia mzee mmoja Mskoti, kwenye fleti yake Kilburn.

Mzee huyo alikuwa mtaalamu wa mimea. Aliondoka Uskoti akiwa kijana mbichi, akahamia Tanganyika, akazunguka milima ya Usambara miaka arobaini, akichuma mimea na kuikausha kwa kuibana ndani ya magazeti. Magoti yalipomshinda, binti yake akamleta London, naye akawa anakuja kumwona Krismasi tu. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo kwa mzaha. Aliitikia marahaba kwa lafudhi ya kwetu kabisa, nikaenda jikoni nikalia. Nilikuwa na miezi sijaongea Kiswahili na mtu ana kwa ana.

Kila asubuhi, nikishamwogesha na kumpa uji, tulikaa mezani. Alikuwa na furushi la mwisho la mimea isiyo na lebo, na alitaka lifike kwenye hifadhi ya mimea mikavu, wanakoitunza wataalamu, kabla hajafa. Siku moja akanisogezea ua kavu.

"Hili kwenu mnaliitaje, mwanangu?"

Mdomo wangu ni mzito kusema sijui. Nikataja jina la kwanza lililonijia. Akaandika kwa penseli.

"Dawa ya nini?"

Nikasema homa ya watoto. Akaandika na hilo, uso umemchangamka, akasema miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia. Nani angemwambia, na nimelitunga mimi pale pale mezani!

Wiki nzima nilikosa raha. Nikisema ukweli, ataomba aletewe mtu mwingine, nami nibaki na Kiswahili cha simu. Nikinyamaza, kazi ya maisha yake itaondoka na uongo wangu, na ipo siku mama fulani atamchemshia mwanawe mmea ule.

Asubuhi ya kufunga mzigo nikajikaza.

"Mzee, lile jina nilikudanganya. Na dawa pia. Nisamehe."

Hakufoka. Aliitafuta lebo, akaisoma tena.

"Ni jina la nani?"

"La mama yangu. Alifariki mwezi wa tatu. Visa yangu ilikuwa bado inashughulikiwa ofisi ya uhamiaji, Croydon, nisingeweza kusafiri. Sikumzika."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Kazini niliomba off ya siku moja, nikasema naumwa tumbo.

"Pole sana, mwanangu." Alinishika mkono mpaka chai ikapoa. Kisha akachukua raba, akaanza kumfuta mama, herufi moja moja. Nilitamani kumwomba amwache. Lakini mzee alikuwa sahihi, nikamshikia karatasi isisogee.