Taa Nilizozifunga Mwenyewe

Trekta niliinunua mimi. Naanza na hilo kwa sababu baadaye kila mtu alijifanya amelisahau. Ilikuwa trekta ndogo ya umeme, ya kukatia nyasi bustanini, na wageni wa mgodini waliokuwa wanahama walikuwa wanauza vitu vyao getini kwao. Niliuza cherehani niliyopewa na mama yangu, nikaichukua. Mchomeleaji aling'oa visu, akaweka ndoano ya kuvutia tela, nikaanza kupeleka ndizi sokoni Nyamwaga.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, hilo ni gari la watoto kuchezea! Ukifika kilimani utalibeba mgongoni."

Mgongoni nilikuwa na mtoto wa miezi saba. Nafasi haikuwepo.

Tatizo likawa taa. Ndizi zinatakiwa zifike kabla hakujakucha vizuri, na saa hizo barabara ni ya pikipiki za wachimbaji wanaokimbilia dhahabu, watatu watatu, hawamwoni mtu. Balbu za trekta zilikuwa za njano kama mkojo, na zilikula chaji mpaka narudi nasukuma. Siku pikipiki ilipokwangua tela na kiatu changu, nilisema basi, naweka taa za LED.

Fundi wa pikipiki akachukua waya apeleke kwenye betri moja. "Dada, taa ni volti kumi na mbili, betri ni volti kumi na mbili. Shida iko wapi?"

Shida ni kwamba betri ziko nne na zinavuta pamoja. Ukiinyonya moja peke yake inakufa kabla ya wenzake, na moja ikifa trekta nzima imesimama. Hilo nililisoma kidato cha tatu, kabla sijawa mke wa mtu. Nikamwambia alete kipunguza volti, kile kiboksi kinachochukua umeme wa betri zote na kuushusha.

"Ufundi umesomea wapi wewe?"

"Shuleni. Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Wenzake wakamzomea, "Mura, kijana, umepatikana!" Skrubu zote nilikaza mwenyewe.

Mwanga ukatoka mweupe, mrefu. Pikipiki zikaanza kunipisha zikidhani ni gari linakuja. Kwa wiki mbili nilikuwa mtu barabarani.

Kisha shemeji akaziona taa. Gari la watoto likageuka chombo cha kazi: lingeweza kubeba viroba vya mawe ya dhahabu kutoka kwenye mashimo ya wachimbaji hadi kwenye mashine ya kusaga, giza lisiwe kizuizi. Hakuniomba. Alikwenda kwa mama yake, na jioni nikaitwa.

"Ng'ombe za mahari yako zilitoka boma hili," mama mkwe akasema. "Wewe na mikono yako mmekuja kwa ng'ombe hizo. Ulichonunua ni cha boma."

"Mama, na cherehani ya mama yangu nayo ilikuja kwa ng'ombe?"

Mume wangu aliangalia viatu vyake. Mpaka leo nikiviona viatu vile natamani kuvitupa chooni.

Nilimwambia shemeji neno moja tu: asiguse waya. "Mimi si mtoto, shemeji," akajibu, akaondoka na trekta yangu na taa zangu. Mimi nikarudi kubeba ndizi kichwani, mtoto mgongoni, nikirukia mtaroni kila pikipiki inapopita.

Siku ya tisa, mchana, aliirudisha ikisukumwa na wanaume watatu. Alikuwa ameongeza taa nne za kumulika shimo, zote kwenye betri moja. Betri ilikuwa imevimba kama tumbo la mbuzi aliyekufa. Akaisimamisha mbele ya jiko langu.

"Shemeji, trekta yako hii hapa."

Yako. Ikiwa nzima ilikuwa ya boma. Imekufa, imekuwa yangu.

Nilidhani amemaliza. Akainama, akagonga kioo cha taa zangu mbili kwa kidole. "Ila hizi taa hazijaungua. Nizifungue nikazitumie kule?"

Nikapanda nikakaa juu ya boneti, mtoto mgongoni, miguu yangu ikafunika taa zote mbili.

"Fungua," nikamwambia.

Mama mkwe akatoka, akatuangalia. Ndizi zilikuwa jikoni zinaungua. Sikushuka.