Sheria ya Mkono

Hasira yangu na mashindano ya sataranji ya Muleba haijapoa, wala sitaki ipoe.

Kaka yangu alivunjika shingo alipoanguka na bodaboda. Tangu hapo, kuanzia mabegani kwenda chini, hasogezi kitu. Kichwa kizima, na kichwani mna sataranji. Jioni nikishamenya ndizi napanga kete ubaoni, yeye anataja: farasi, ngome, askari. Mimi nasogeza tu. Mchezo wenyewe siujui. Farasi anavyoruka nilijifunza kwa kufokewa. Kwetu Kaagya hakuna anayemfunga.

Aliposikia habari za mashindano alikuwa mtu mwingine. Akataka anyolewe ndevu, avishwe shati la misa. Jirani akatupakia kwenye gari lake la ndizi, nami nikamshika kaka njia nzima asigonge kichwa.

Mlangoni mwa ukumbi mwandaaji alitutazama huku akitafuna punje zake za kahawa taratibu. "Waitu dada," akaniambia kwa adabu ya Kihaya, "haiwezekani. Mwaka huu kila mtu anasogeza kete kwa mkono wake."

Sababu? Aliona kwenye simu video ya mtu wa ng'ambo aliyepooza, kapandikizwa mtambo kwenye ubongo, anacheza sataranji kwenye kompyuta kwa kuwaza tu. Akaingiwa na hofu. Kesho atakuja mtu, mtambo umnong'oneze cha kucheza, na mchezo utakufa. Afadhali kuziba ufa mapema.

Ufa gani, mjinga mkubwa? Mtambo huo Kagera nzima umeuona wapi? Umeme wenyewe ulikatika tukiwa tunabishana! Nilimwambia mbele ya watu: yule wa kwenye video ni mgonjwa kama kaka yangu. Chombo kilitengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye, nawe unatumia chombo hicho kumfungia nje huyu ambaye hata hana!

"Basi cheza wewe, dada," akasema. "Wewe mikono unayo."

Nilitamani kumrushia ubao. Mimi nisiyejua kitu ningepewa kiti, na kaka angekaa nje.

Tulirudi kwa gari lilelile la ndizi. Majirani wakaja kumfariji kana kwamba tumefiwa. Mmoja akasema, "Vumilia. Hiyo mitambo itafika hata Bukoba, nawe utacheza mwenyewe."



"Nikiwekewa," kaka alisema, "watasema imecheza mashine."